Tundu la Buluu

Mwalimu Elius alikuwa na daftari la mtandao. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, na juu ya jalada ameandika HITILAFU kwa hati ileile aliyoandikia ubaoni miaka thelathini na moja akifundisha hesabu shuleni Kidugala. Ndani amechora safu kwa rula: Tarehe, Saa, Hali ya Hewa, Taa, Mtandao. Safu ya Hali ya Hewa ilikuwa na neno moja tu kutoka juu hadi chini, "baridi", kwa sababu hapo ni Njombe na hakuona haja ya kutunga jingine. Safu ya Taa ilisema "kijani". Safu ya Mtandao ilisema "hakuna".

Lakini si siku zote. Siku moja moja, bila sababu yoyote ya maana, mtandao ulikuwepo. Siku hizo ndizo zilizomkondesha Mwalimu. Angejua moja kwamba mashine imekufa, angeisamehe.

Shida yenyewe wala haikuwa mtandao, ilikuwa jina. Binti yao wa pekee, Rejoice, nesi, ameolewa Ujerumani, na mwezi wa kumi na moja alijifungua mtoto wa kike. Katika ukoo wa Mwalimu, mjukuu wa kwanza hupewa jina na babu yake, kwa mdomo, watu wakisikia, na kabla ya hapo jina halisemwi wala haliandikwi mahali popote. Ubatizo ulipangwa Jumapili ya tarehe moja Machi, saa nane mchana kwa saa za Njombe. Kanisa la huko lilikubali kuweka skrini karibu na madhabahu ili babu aonekane na asikike. Mchungaji wa huko alikuwa mtu mpole, ila mwenye ratiba. Babu asiposikika, mtoto atapewa jina lililopendekezwa na bibi wa upande wa pili, nalo ni Waltraud.

Kwa kutenda haki, Mwalimu alijaribu kulitamka jina hilo mara kadhaa akiwa peke yake chooni. Hakuwa na ugomvi nalo. Ila kila alipolimaliza alijisikia kama mtu aliyetia kiazi cha moto mdomoni.

"Baba, si unitumie tu kwa meseji?" Rejoice alimwomba kwenye simu. "Mimi nitawasomea."

"Jina la mtu si vocha," alijibu Mwalimu.

Kutumia simu kwa shughuli yenyewe hakukuwezekana. Mnara unaohudumia upande wao wa Mjimwema una tabia yake: radi ikianza, wenyewe unakwenda kulala. Krismasi waliazima simu kubwa ya jirani yao Odilo. Mwalimu akamwona mjukuu wake kwa sekunde sita, kisha picha ikaganda mtoto akiwa anapiga miayo, na akabaki hivyo hivyo mpaka Odilo alipoitaka simu yake. Mwalimu alirudi nyumbani. Alimkumbuka binti yake kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mtu. Mwezi mmoja baadaye akanunua kompyuta ya mezani na kuvutiwa waya kutoka nguzoni hadi kwenye kiboksi cha intaneti, na mwingine kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye kompyuta.

"Kitu cha maana hupita kwenye waya," aliwatangazia watu kanisani.

Mkewe Esteria, ambaye mumewe humwita Mama Rejoice, alikitazama kiboksi kile chenye taa zake, akakifumia kitambaa cheupe na kukifunika, kama alivyofunika redio, televisheni, chupa ya chai na kila kitu kingine ndani ya nyumba ile chenye mgongo bapa.

Ulipofika mwezi wa pili na mtandao ukaanza kupotea, Mwalimu alifanya uchunguzi. Alizima kiboksi, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Akazima tena, akahesabu mpaka sitini. Alikivua kitambaa kwa kudhani kinakosa hewa, na Mama Rejoice akakivisha. Akakisogezea jiko la mkaa kwa kudhani kinasikia baridi, na Mama Rejoice akaliondoa jiko. Alitega mtego wa panya. Alimlazimisha Odilo akate tawi la mlingoti lililoegemea waya wa nje, na Odilo akalikata huku akiuliza kama mjukuu wa Mwalimu anakaa kwenye mti ule. Kwenye kona ya chini ya skrini palikuwa na kidude kama dunia chenye alama ya kukataza. Mwalimu alikitazama kila jioni saa kumi na mbili na kuandika: hakuna.

Fundi wa kampuni ya waya, Fahadi, alitoka Makambako kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu na maneno machache. Aliinama nyuma ya meza, akatazama, akainuka, akaomba maji ya kunywa. Mwalimu aliporudi na kikombe, mtandao ulikuwa umerudi.

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa ndogo tu, Mwalimu."

Kesho yake jioni dunia ikawa na alama yake ya kukataza kama kawaida. Fahadi akaja mara ya pili. Ramadhani ilikuwa imeanza, hivyo safari hii hakuomba maji, aliomba kitambaa cha kufutia vumbi. Mwalimu aliporudi na kitambaa, mtandao upo.

"Ilikuwa nini?"

"Ileile ndogo, Mwalimu."

Mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba mashine inamwogopa fundi.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku mbili, uvumilivu ulimwishia. Aliifunga kompyuta kwenye blanketi la wageni, akapanda nayo basi la Kosta la kwenda Makambako na kuiweka kwenye kiti cha dirishani. Mama mmoja nyuma akauliza mgonjwa anapelekwa hospitali gani. Mwalimu akajibu kwamba bado hawajajua anaumwa nini, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Ofisi ya Fahadi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, malori yakinguruma nje. Fahadi akachomeka waya wake kwenye kompyuta. Mtandao ukaja palepale, wa haraka, kana kwamba haujawahi kuwa na neno na mtu. Kwa mara ya kwanza maishani, Mwalimu alisikitika kuona kitu kinafanya kazi.

"Kompyuta ni nzima," alisema Fahadi. "Mwalimu, nikuulize, lakini usinielewe vibaya. Ule waya unaotoka nje, huwa unauchomoa?"

"Niuchomoe ili iweje?"

"Labda kufuta vumbi."

"Sijaugusa waya ule tangu mlipouweka."

Fahadi akachomoa waya wake. "Kesho nakuja," alisema. "Na sitaondoka mpaka niione kwa macho yangu."

Jumamosi alifika saa nne asubuhi. Safari hii hakuomba kitu. Alimwita Mwalimu nyuma ya meza na kumwonyesha. Kiboksi kilikuwa na matundu matano yanayolingana, manne ya njano na moja la buluu. Waya kutoka nguzoni ulikuwa kwenye la njano.

"Wake ni hili la buluu," alisema Fahadi. "Ukikaa kwenye la njano taa itawaka, tena kijani, lakini mtandao hupati. Mara zote mbili nilikuta hivi."

"Na hukusema?"

"Ningekwambiaje, Mwalimu? Nilidhani ni wewe. Nianze kumwambia mzee wangu, tena mwalimu, kwamba amekosea tundu?"

Mwalimu alitafuta pa kumlaumu, hakupaona. Angekuwa yeye, angeomba maji vilevile.

Fahadi akahamishia waya kwenye tundu la buluu. Dunia ikavuliwa alama yake. Wanaume wawili wakavuta viti, wakakaa wakikitazama kiboksi kama watu wanaomlinda mwizi asitoroke. Walikaa saa tatu nzima. Mama Rejoice alipita mara mbili, akamsikitikia fundi kwa kufunga na baridi hii, akaenda zake jikoni kumenya viazi.

Saa saba na nusu mawingu yakashuka, na radi ya kwanza ikaunguruma mbali. Mama Rejoice akaingia sebuleni akifuta mikono. Akafunika kioo cha ukutani kwa khanga. Akachomoa televisheni. Akachomoa redio. Akaenda kwenye friji, akachomoa. Kisha akapita katikati ya wanaume wawili, akasema "samahanini", akainama, akainua kitambaa chake cha kufuma na kuchomoa waya wa kutoka nguzoni. Akaulaza sakafuni kwa uangalifu, akaketi kwenye kigoda katikati ya chumba, mbali na kuta, mikono mapajani.

Mvua ikanyesha, ikapiga bati, ikapungua. Radi ilipokwisha kabisa Mama Rejoice akainuka, akarudisha friji, redio, televisheni, akafunua kioo. Akauokota waya, akautia kwenye tundu la kwanza lililompokea, la njano, ukalia *tik*. Akafunika kitambaa na kukinyoosha ncha.

"Mama Rejoice," alisema Mwalimu polepole, "hiyo kazi unaifanya kila siku?"

"Mvua ikija."

"Mvua inakuja kila siku!"

"Basi kila siku."

Ilikuwa kweli. Mwezi wa pili Njombe mvua hunyesha kila mchana, na kila mchana kwa miaka thelathini na nane mwanamke huyu alikuwa akichomoa vitu ndani ya nyumba, huku Mwalimu akiwa shambani, au amejilaza, au amekaa palepale akisoma gazeti. Alikuwa amemzoea kiasi kwamba hakumwona. Hata mvua hakuiandika kwenye daftari, kwani nani anaandika mvua?

"Mbona hukuniambia?"

"Uliwauliza panya," alisema Mama Rejoice. "Ukamuuliza Odilo. Mimi hukuniuliza."

Fahadi akaona ni wakati mzuri wa kutazama viatu vyake.

Baadaye alimweleza Mama Rejoice habari ya tundu la buluu, taratibu, naye akaielewa mara moja na kuona aibu sana. Akaenda kuleta uzi wa kufumia wa rangi ya buluu, akaufunga mwenyewe kwenye shingo ya waya, ili asikosee tena. Tatizo likabaki moja.

"Lakini kesho, Mama," alisema Fahadi, "hiyo saa nane, ikitokea mvua, usiuchomoe kabisa. Mkikata hapo katikati, kurudi kwake kunachukua muda."

"Radi ikija nitauchomoa, mwanangu."

"Hata kwa dakika kumi?"

Mama Rejoice alikaa chini. Alizungumza akitazama uzi uliobaki mkononi.

"Kwetu ni Ipelele, kule Makete. Baba alikuwa na redio, na waya wake ulitoka dirishani ukapanda juu ya mti. Siku hiyo mawingu yalipokuja mama akaniambia, Esteria, nenda kachomoe waya. Nikasema nakuja. Nilikuwa namenya viazi, nilikuwa nimebakiza viwili. Mdogo wangu ndiye alikuwa ameshika redio, anatafuta kipindi cha salamu." Alizungusha uzi kwenye kidole. "Nilisema namaliza hivi viwili."

Fahadi hakumbembeleza tena. Alipoondoka, Mama Rejoice alimfungia viazi na maharage kwenye hotipoti, afuturu navyo njiani, na kumwambia akipita tena ndipo arudishe chombo.

Usiku ule Mwalimu alitunga hotuba ya kumshawishi mkewe. Ilikuwa na utangulizi, hoja tatu na hitimisho, na moja ya hoja ilihusu uwezekano wa radi kupiga nyumba moja kati ya nyumba zote za Mjimwema, kwa asilimia. Asubuhi hakuitoa. Walikwenda ibada ya kwanza, wakarudi, akavaa koti lake la suti na tai juu ya sweta, akakaa mbele ya kompyuta tangu saa saba.

Saa nane kasoro dakika tano Rejoice akatokea kwenye skrini, amevaa kitenge, mtoto mkononi, mtoto yuleyule wa Krismasi lakini sasa anacheza miguu. Haikuganda. Mwalimu aliona meno mawili ya mbele ya binti yake, yale yenye mwanya, akanyoosha tai yake upya.

"Baba, umetoka vizuri," alisema Rejoice. "Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa anafunika kioo. Nje kulikuwa kumeshakuwa kweusi upande wa mashambani, na ngurumo zilikuwa zinakuja kwa miguu. Televisheni ikachomolewa. Redio. Friji. Kule kanisani mchungaji mwenye ratiba alikuwa anasoma maneno marefu ya Kijerumani bila haraka yoyote. Mama Rejoice akafika kwenye meza, akainua kitambaa, na vidole vyake vikashika waya penye uzi wa buluu.

Radi ikapiga karibu. Mwalimu akautazama mkono ule. Hoja zake zote tatu zilikuwa tayari mdomoni, pamoja na asilimia. Aliwaza jinsi mtoto atakavyokuwa akiitwa maisha yake yote, akaumia kweli kweli. Kisha akasogeza kiti chake pembeni, ili mkewe aufikie waya vizuri.

"Chomoa, Mama Rejoice," alisema. "Hata Waltraud ni jina."

Mama Rejoice hakuchomoa. "Wewe ulitaka kumwita nani?"

Kwa taratibu za ukoo halikuwa swali la kujibiwa. Baba yake Mwalimu asingelijibu, wala babu yake.

"Esnath," alisema Mwalimu.

Mama Rejoice alisimama vilevile, ameinama, mkono kwenye waya. Hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo ndani ya nyumba ile kwa miaka mingi. Lilikuwa jina la yule mdogo wake aliyeshika redio. Radi ikapiga tena na vioo vya madirisha vikalia. Kisha akauachia waya, kidole kimoja kimoja, akavuta kigoda karibu na kiti cha mumewe, akaketi, akashika koti lake kwa mikono yote miwili na kufumba macho.

"Fanyeni haraka," alisema.

"Baba?" Rejoice aliinamia skrini. "Mchungaji anauliza jina la mtoto. Sema sasa."

Mwalimu akanyooka. Akatumia ile sauti ya darasani iliyokuwa inafika mpaka dawati la nyuma. "Esnath!" alisema, na papo hapo radi ikapasuka juu ya bati, chumba kizima kikawa cheupe, na jina likapotea lote.

Kule kanisani walikunja nyuso. Mchungaji akaweka mkono sikioni. "Baba, hatukusikia," alisema Rejoice. "Rudia!"

Lakini Mwalimu alikuwa ameishiwa na pumzi. Aliyerudia hakuwa yeye.

"Esnath!" alipiga kelele Mama Rejoice, macho bado yamefumbwa. "Anaitwa Esnath! Esnath!"

Rejoice aliziba mdomo kwa kiganja. Mchungaji akalirudia jina kwa uangalifu, kwa matamshi yake, akachota maji. Bibi wa upande wa pili alionekana akijifuta macho kwa leso. Mama Rejoice alifumbua jicho moja, akaona maji yakimwagika kwenye kichwa kidogo kile mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo akainuka na kuchomoa waya.

Mvua ilipokatika aliurudisha, uzi wa buluu kwenye tundu la buluu. Kisha akaenda jikoni kumenya viazi vya jioni. Mwalimu alifungua daftari. Kwenye safu ya Hali ya Hewa, chini ya baridi zote zile, aliandika "radi". Taa, kijani. Mtandao, upo. Kalamu ikasimama.

"Mama Rejoice," aliuliza kwa sauti, "waya uliuchomoa saa ngapi?"

Kisu kilisikika kikimaliza kiazi kule jikoni.

"Sikuangalia saa," alijibu. "Andika tu kwamba nilichelewa."

Mwalimu alichukua rula, akachora safu mpya. Akaandika: *Amechelewa kuchomoa. Madhara: hakuna.* Akapiga mstari chini yake, akalipeleka daftari jikoni ili alisome mwenyewe.